Mpangilio upi? Orodha isiyojirudia kwenye Python na Java

Katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa aliniambia, "Nataka waombaji wa mkopo wakae kwa mpangilio, na mtu asitokee mara mbili." Nikaitikia, nikaenda kuandika programu. Siku ya kuionyesha akauliza mbona Abdallah yuko chini ya Zuhura. Mimi niliwapanga kwa kutangulia kufika, kumbe yeye alitaka alfabeti. Tangu siku ile sigusi kibodi kabla sijauliza: mpangilio upi?

Wa kufika ni mwepesi. Kwenye Python usichukue `set`: marudio inayaondoa, ila mpangilio haikukuahidi. Chukua `dict`, kamusi ya Python ambayo funguo zake hazijirudii, na tangu toleo la 3.7 inatunza vitu kama vilivyoingia. Kama `namba` ni orodha ya namba za simu za waombaji, andika `list(dict.fromkeys(namba))`, umemaliza. Kwenye Java ni `LinkedHashSet`. Wa JavaScript mmebahatika, `Set` yenu inafuata mpangilio wa kuingia.

Wengi huanza na orodha ya kawaida, wakaipekua yote kabla ya kuongeza kila jina. Kwa watu 50 hakuna shida. Kwa watu 20,000 wasiojirudia ulinganisho unakaribia milioni 200, maana kila mgeni anakaguliwa dhidi ya wote waliomtangulia.

Alfabeti nayo ina swali lake: unaihitaji lini? Kama ni mwisho wa mwezi tu, ripoti inapochapwa, kusanya kwenye `set` kisha ita `sorted()` ikupangie. Usijisumbue zaidi. `TreeSet` ya Java, inayoweka vitu vikiwa vimepangwa muda wote, inafaa pale majina yanapoingia na kutoka siku nzima, na kila saa unataka kujua nani anafuata baada ya fulani.

Lakini `TreeSet` ina mtego ulioninasa. Haitazami `equals`, njia ya kawaida ya Java ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa; inatazama kanuni ya kulinganisha uliyoipa, na kanuni ikijibu sifuri, kwake hao ni mtu mmoja. Mimi niliipa jina tu. Tulikuwa na akina Neema wawili, majina yote sawa hadi la ukoo, na ombi la wa pili likapotea kimyakimya. Programu haikulalamika hata kidogo. Aliyelalamika ni Neema mwenyewe, wiki mbili baadaye, na alikuwa na haki. Sasa nalinganisha jina kwanza, yakilingana naangalia namba ya simu.

Namba zenyewe zisafishe kabla hazijaingia. Kwa kompyuta, inayoanza na 07 na ileile iliyoandikwa kwa +2557 ni mbili tofauti, na nafasi katikati inazaa ya tatu. Ondoa nafasi, geuza 0 ya mwanzo iwe +255, ndipo uingize. Nilipofanya hivyo orodha ikapungua, na katibu wetu, aliyesisitiza mtu asijirudie, alikuwa humo mara tatu.