Jinsi ya kutumia "by" ya kiingereza bila kuichanganya na "until"

Wadau wa Dar, hasa mnaoomba kazi au mnaofanya kazi na wateja wa nje, hii "by" ni herufi mbili tu ila inaharibu imeli za watu kila siku, na sababu kubwa ni kwamba "mpaka" yetu inafanya kazi mbili ambazo kwenye kiingereza zimegawanywa.

Bosi akikwambia nipate ripoti mpaka Ijumaa mnaelewana vizuri tu, yaani Ijumaa isipite. Sasa mtu anaenda kuandika "I will send the report until Friday", hapo msomaji anaelewa utakuwa unatuma unatuma tu, ikifika Ijumaa ndo unaacha. Andika "by Friday". Kipimo ni hiki, jiulize kitendo kinaendelea muda wote au kinafanyika mara moja kinaisha? Duka Kariakoo liko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, hiyo inaendelea, "open until 6 p.m.". Kodi ya chumba ilipwe isizidi tarehe 5, unalipa mara moja basi, "by the 5th", na tarehe 5 yenyewe imo ndani. Ila kwa ofisini uliza kabisa saa ngapi, maana wengine wanahesabu mwisho wa saa za kazi. Halafu geuza saa kwanza jamani, saa kumi jioni ni "by 4 p.m.", ukiandika "by 10" mteja anaelewa saa nne.

Eneo la pili lenye shida ni "kwa". Kwa basi, kwa pantoni kwenda Kigamboni, hizo ni "by bus", "by ferry", bila "the" wala "my" katikati, ukitaka kusema gari lako inakuwa "in my car", na kwa miguu ni "on foot". Lakini kifaa unachoshika kinachukua "with", amekata kwa kisu ni "with a knife". Nguo zilizofuliwa kwa mkono ni "washed by hand", hapo unasema namna ya kufua, ila ukiutaja mkono wenyewe unarudi kwenye "with", kama "with my left hand". Ile "na" ya mtendaji haina shida, kagongwa na bajaji, "hit by a bajaji".

Wafanyabiashara muwe makini na bei. Kitu cha 2,000 kikifika 2,500 kimepanda "by 500", au kimepanda "to 2,500". Ukiandika "to 500" umemwambia mteja bei mpya ni mia tano na akija na hiyo mia tano atakuwa na haki yake.

Madalali nao, "a house by the road" ni nyumba iliyo pembeni kabisa ya barabara, kama iko mitaa miwili nyuma sema "near".

"By mistake" ni kwa bahati mbaya, "by myself" ni peke yangu, hizo zishike tu kama zilivyo.

Kingine ni "by the time". Sisi tunasema mpaka mteja atakapofika tutakuwa tumemaliza, hiyo "ta" inawafanya watu waandike "by the time the client will arrive", hapana, "will" inakaa upande mmoja tu, "by the time the client arrives, we will have finished".