Somo: Kuingiza Grafu za Nje Katika Dashibodi ya Zabbix

Fundi anayesimamia seva hapa Lubumbashi mara nyingi ana grafu mahali patatu: Zabbix inayopima seva zake, Grafana iliyowekwa na wenzake wanaoandika programu, na ukurasa wa MRTG ambao mtoa huduma wa intaneti amemfungulia ili aone matumizi ya laini yake. Hitilafu inapotokea, hana muda wa kuhama dirisha hadi dirisha, hivyo tutazileta zote katika dashibodi moja. Nina sharti moja katika somo hili: grafu iliyopitwa na wakati isionekane kama mpya. Pengo katika dashibodi humfanya mtu aulize kulikoni, lakini picha ya asubuhi humtuliza huku laini imekufa tangu adhuhuri.

Hatua ya kwanza ni kutambua aina ya grafu. Grafana huchora ndani ya kivinjari, kwa hiyo huingizwa kwa fremu, yaani dirisha dogo ndani ya ukurasa linaloonyesha ukurasa mwingine. MRTG hutoa picha ya PNG iliyokwisha kuchorwa, nayo huchukuliwa kama faili.

Hatua ya pili: Grafana. Katika faili la grafana.ini, chini ya [security], andika allow_embedding = true, kisha uiwashe upya. Bila hivyo, Grafana humwagiza kivinjari asiionyeshe ndani ya ukurasa mwingine, nawe utaona fremu tupu. Chukua anwani ya paneli moja, ile yenye /d-solo/, na umalizie na from=now-6h&to=now, ili dirisha la muda lisogee pamoja na saa badala ya kuganda kwenye tarehe uliyonakili. Katika Zabbix ongeza wijeti (kisanduku kimoja cha dashibodi) ya aina ya URL na uweke anwani hiyo. Zabbix nayo hufungia fremu zote kwa chaguo lake la msingi, hivyo katika mipangilio ya jumla ya utawala ruhusu allow-scripts, allow-same-origin na allow-forms. Ruhusa hizo zinagusa kila wijeti ya URL. Usiweke humo anwani usiyoiamini. Ikiwa Zabbix inatumia https, Grafana pia itumie https, kwani kivinjari hukataa kuchanganya https na http.

Hatua ya tatu, MRTG, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Usiielekeze wijeti moja kwa moja kwa mtoa huduma. Seva yako ichukue picha kila baada ya dakika 5, muda uleule ambao MRTG huchora upya grafu ya siku, kwa skripti hii:

cd /var/www/html/grafu
curl -sS --fail -R --max-time 20 -o laini.tmp ANWANI && mv laini.tmp laini.png
find laini.png -mmin +15 -exec cp imechelewa.png laini.png \;

Badala ya ANWANI weka anwani ya picha ya MRTG, ambayo curl huipakua. Kila neno hapo lina kazi. Bila --fail, ukurasa wa kosa ungehifadhiwa kwa jina la picha. Faili la muda linazuia picha iliyokatika katikati isionekane, kwa sababu mv hufanyika tu baada ya faili zima kufika. Chaguo la -R hulipatia faili tarehe iliyo kwa mtoa huduma. Pasipo hilo, picha ambayo kwake imekwama tangu jana ingeonekana changa kila unapoichukua. Mstari wa mwisho huweka mahali pake picha uliyoiandaa mwenyewe, yenye maandishi makubwa mekundu, mara umri ukizidi dakika 15. Hakikisha saa ya seva yako ni sahihi, la sivyo hesabu hiyo haina maana. Kisha ongeza wijeti nyingine ya URL, uipe anwani ya laini.png iliyo kwenye seva yako.

Hatua ya nne ni majira ya saa. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, hufuata UTC+2, ilhali Kinshasa hufuata UTC+1. Ikiwa mashine ya MRTG iko Kinshasa, laini iliyokatika kwetu saa 14:00 itaonekana imekatika saa 13:00, na utatafuta chanzo katika kumbukumbu za saa isiyohusika. Katika Grafana chagua Africa/Lubumbashi. Picha haibadiliki, kwa hiyo iandike wijeti yake: «saa za Kinshasa».

Maswali ya wanachama

Kutoka Kolwezi: Mwalimu, ndani ya fremu naona ukurasa wa kuingia wa Grafana, na hata nikiandika nenosiri unarudi uleule.

Jibu: Ndugu, bila shaka Zabbix na Grafana ziko kwenye vikoa tofauti, na kivinjari hakipeleki kidakuzi cha Grafana (alama ndogo inayoonyesha kwamba umeshaingia) ndani ya fremu ya kikoa kingine. Zipe majina mawili chini ya kikoa kimoja, kila moja na lake. Usizibane katika jina moja kabisa, kwa kuwa ruhusa tulizotoa zingeondoa kinga yote ya fremu.

Kutoka Likasi: Jana laini ilifika 18 Mb/s, lakini grafu ya wiki inaonyesha 8. Ipi ni kweli?

Jibu: Zote mbili. Grafu ya siku ina wastani wa dakika 5, ya wiki wastani wa dakika 30. Ukiwa na dakika 5 za 18 na dakika 25 za 6, wastani ni 8. Mwombe mtoa huduma awashe WithPeak, ili kilele nacho kichorwe.

Kutoka hapa mjini: Naangalia dashibodi kwa simu, na mega zinakwisha haraka.

Jibu: Paneli ya Grafana hupakia programu yake yote kabla ya kuchora mstari wa kwanza, kisha huendelea kuomba data. Tengeneza dashibodi ya pili kwa ajili ya simu, yenye picha za PNG pekee, na uweke muda wa kuonyesha upya kuwa dakika 10.