Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Fundi wa Magari ya Farasi Aliyegeuka Mwenye Kiwanda

Anayetaka kuandika maisha ya fundi wa magari ya farasi wa karne ya 19 aliyekuja kumiliki kiwanda asianze na jumba alilojenga uzeeni. Na aanze na mtaji: ulitoka wapi, ulifika lini, na ulinunua nini.

Tumchukue John Mohler Studebaker wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1833 katika familia ya wahunzi. Kaka zake, Henry na Clement, walifungua karakana mjini South Bend, Indiana, mwaka 1852, wakiwa na dola 68 na zana za kufulia chuma. Mwaka uliofuata John alielekea California, walikokuwa wakikimbilia watafuta dhahabu, lakini riziki yake haikutoka mgodini. Alikaa Placerville akiwaundia wachimbaji matoroli, na mwaka 1858 akarudi na akiba ya dola 8,000 hivi, akanunua sehemu ya Henry katika karakana hiyo.

Hapa ndipo mwandishi anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko penginepo, na wengi hupapita mbio. Ili aeleze uzito wa fedha hiyo, ni lazima kwanza aielewe kazi yenyewe. Mbao za gurudumu hukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa, kwa sababu mbao mbichi husinyaa na spoki zikalegea. Kwa hiyo fundi asiye na akiba hawezi kuweka shehena ya mbao ikingoja kukauka. Kisha mhunzi hupasha moto bangili ya chuma hadi itanuke, huivisha gurudumu, na kuimwagia maji ili ijikaze na kubana viungo vyote. Mwandishi akipata nafasi ya kuitazama kazi hii kwa macho yake, asiikose, kwani sura nzima ya kitabu itabadilika.

Baada ya hapo fuata oda. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865 vililipatia jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini, magari mengi kutoka South Bend, na mwaka 1868 biashara ya ndugu hao ikasajiliwa kuwa kampuni. Mioto iliyounguza kiwanda katika miaka ya 1870 inatosha aya moja.

Kuhusu nyaraka, sensa za Marekani za 1850 hadi 1880 zina orodha maalumu za viwanda, zinazotaja mtaji, malighafi, idadi ya wafanyakazi na thamani ya bidhaa. Mwandishi asitegemee sensa ya 1890, maana sehemu yake kubwa iliharibika kwa moto wa mwaka 1921. Pengo hilo alizibe kwa ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zinazoonyesha jengo baada ya jengo.

Wasifu wa John usikomee kwenye magari ya farasi, kwa kuwa kampuni iliuza magari ya umeme kuanzia 1902 na ya petroli kuanzia 1904, naye alifariki 1917. Hata hivyo, zile dola 8,000 zisiandikwe kwa sababu tu zinasimuliwa kila mahali. Ziwekwe kando ya mtaji uliotajwa katika orodha ya viwanda ya sensa ya 1860, na msomaji aonyeshwe tarakimu zote mbili.