Salio lisiliwe nje ya kifurushi: kupima bando, kuziba makato na kuhama mtandao na namba yako

Mteja wa simu Tanzania hapotezi hela nyingi kwenye bei ya kifurushi anayoiona kwenye menyu. Anazipoteza pale bando linapoisha huku salio la vocha bado limo kwenye laini na data imewashwa. Bei elekezi ya data ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) iliyotajwa mwaka 2022 ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa bei hiyo ya juu, shilingi 500 zinakupa MB 53 tu. Simu ikianza kupakua masasisho ya programu zake, hizo zinaisha hujamaliza hata kunywa maji.

Dawa ya kwanza ni kutoacha salio kwenye laini. Nunua kifurushi moja kwa moja kutoka M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa au T-Pesa, badala ya kukwangua vocha kwanza halafu ndiyo ujiunge. Bando likiisha, intaneti inakata na hakuna cha kuliwa. Ukitaka akiba ya simu za dharura, nunua dakika za kifurushi cha muda mrefu. Salio angalia kwa *102#.

Kanuni za vifurushi za TCRA, zilizoanza Aprili 2, 2021, zina mambo matatu ambayo wateja wengi hawayatumii. Mtandao unatakiwa ukutumie ujumbe ukishatumia asilimia 75 ya kifurushi na kikiisha chote, na wewe ndiye uamue kama utaendelea kwa bei ya kawaida. Unaweza kumhamishia mtu wa mtandao huohuo sehemu ya kifurushi chako. Na ukinunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha, kilichobaki kinaendelea kutumika. Neno la kushika hapo ni "kabla": ukichelewa dakika tano, GB zako zimekwenda. Kuhusu matumizi ya nje ya kifurushi, tafuta chaguo lake kwenye menyu ya intaneti ya mtandao wako. Usipoliona, piga 100, huduma kwa wateja, uombe yafungwe.

Sasa kupima bando. Usilinganishe bei na ukubwa ulioandikwa. Gawa bei kwa MB utakazotumia kweli. Tuseme cha siku ni shilingi 1,000 kwa MB 400, na cha wiki ni shilingi 5,000 kwa MB 2,200. Cha siku kinatoka shilingi 2.5 kwa MB, cha wiki 2.27, kwa hiyo cha wiki kinaonekana nafuu. Lakini kama kwa wiki unatumia MB 1,500 tu, kila MB umeilipia shilingi 3.33, na cha siku kingekufaa zaidi, tena siku ambazo huhitaji data usingenunua. Matumizi yako halisi yamo kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, programu moja moja. Angalia mwezi uliopita kabla hujajiunga na kifurushi kikubwa. Soma pia MB ngapi ni za usiku na ngapi ni za mitandao ya kijamii pekee, kwa maana hizo zote hujumlishwa kwenye ile namba kubwa ya tangazo.

Dakika zina mtego wake. Dakika za "mtandao wako" ni rahisi kuliko za mitandao yote, lakini tangu Machi 2017, watu walipoanza kuhama na namba zao, mwanzo wa namba haukuambii tena mtu yuko mtandao gani. Namba inayoanza na 0754, mwanzo wa Vodacom, inaweza kuwa imeshahama. Ukipiga, dakika zako haziguswi, linaliwa salio. Kama unapigia watu wengi tofauti, chukua za mitandao yote.

Makato madogo ya kila siku mara nyingi hutokana na huduma za nyongeza: miito ya simu, habari za michezo, masomo kwa ujumbe. Unajiunga kwa kubonyeza 1 kwenye kijidirisha kilichojitokeza chenyewe. Tafuta ujumbe wa kwanza wa huduma hiyo, tuma neno la kujitoa lililoandikwa humo, kisha piga 100 uulize una huduma ngapi zinazokata, na uombe ziondolewe zote. Salio la mkopo nalo lina ada, na deni hulipwa lenyewe ukiongeza vocha. Ndiyo maana unaweka shilingi 1,000 halafu unaambiwa salio halitoshi.

Kwenye simu yenyewe, weka masasisho yafanyike kwa Wi-Fi tu, zima upakuaji wa picha na video wa wenyewe kwenye WhatsApp, washa Kiokoa Data. Mwenye laini mbili azime ile hali ya simu kujichagulia laini ya data. Mtandao ukiyumba kwenye laini yenye bando, simu hurukia ile nyingine isiyo nalo.

Umefanya yote hayo na bado huridhiki? Hama na namba yako. Ni bure. Kwanza azima laini ya mtandao unaoutaka uijaribu nyumbani kwako kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni. Kisha toa pesa yote kwenye akaunti ya pesa ya simu, maana akaunti hiyo haihami na namba, na lipa madeni: Songesha (mkopo wa M-Pesa), salio la mkopo, bili ya malipo ya baadaye. Vocha na bando vitumie viishe.

Nenda kwa wakala wa mtandao mpya na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), hakikiwa kwa alama za vidole, jaza fomu, halafu tuma neno HAMA kwenda 15080 ukitumia laini unayoihamisha. Laini ya zamani iache kwenye simu mpaka ikate, ndipo uweke mpya. Ombi likikataliwa, mara nyingi ni kwa sababu ya deni, au laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Usajili ukague mapema kwa *106#. Laini ya mume au kaka yako anayeweza kuihamisha ni yeye mwenyewe. Ukishahama, utakaa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena.

Kwa makato usiyoyatambua, dai kwa 100 kwanza, ukiwa na tarehe, saa na kiasi, na uandike namba ya lalamiko utakayopewa. Bila namba hiyo, ukifika TCRA utarudishwa ukaanze upya.