Kumrudishia Afya Kobe wa Maji Aliyetelekezwa

Kobe niliyempokea Muscat, kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama nyumba, aliletwa ndani ya beseni la plastiki lenye kisiwa kidogo na mnazi wa bandia katikati, na maji yake, ambayo kina chake hakikuzidi vidole viwili, yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba, kope zimevimba kama kunde zilizolowekwa. Nilipobonyeza ukingo wa gamba kwa kidole gumba, ulibonyea kama ukucha uliokaa majini kutwa nzima. Jirani yangu hakuwa mtu mkatili. Watoto wake walimnunua kobe akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, wakaambiwa dukani kwamba hatakua zaidi ya hapo na kwamba kamba wakavu wanamtosha, na kwa miaka sita akakaa katika chumba cha kulala ambacho kiyoyozi chake kiliwekwa kwenye nyuzi 20 usiku na mchana.

Maelezo haya yanamhusu kobe wa aina hiyo, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ambaye kwao asili ni bonde la mto Mississippi nchini Marekani na ambaye maduka ya wanyama yamemsambaza karibu dunia nzima. Kobe wa porini anayeokotwa Kenya au Tanzania ni suala jingine kabisa, kwa kuwa ni mnyamapori anayelindwa na sheria, kumfuga bila kibali ni kosa, na anayemkuta ameumia anapaswa kuwaita maofisa wa wanyamapori badala ya kumpeleka nyumbani.

Jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu mwenye huruma hulifanya ni kumpa chakula, na hapo ndipo madhara mengi yanapoanzia. Kobe hazalishi joto lake mwenyewe. Tumbo lake, damu yake na kinga yake ya mwili hufanya kazi kwa kadiri ya joto analolipata kutoka nje, kwa hiyo chakula kinachoingia katika tumbo la baridi hakisagwi, bali hukaa humo na kuoza, na hata dawa iliyo sahihi haifanyi kazi ipasavyo katika mwili uliopoa. Utaratibu ninaousisitiza ni huu: joto kwanza, maji ya mwilini pili, chakula baadaye sana. Aliyekaa miaka bila kula vizuri anaweza kusubiri siku kadhaa zaidi bila kudhurika, ilimradi siku hizo azipitishe katika joto.

Tafuta chombo pana, hata kreti kubwa la plastiki lisilo na matundu, ukiweke mbali na upepo wa kiyoyozi. Upande mmoja uwe mkavu na uwe na taa ya joto juu yake, na upande mwingine uwe na maji ya uvuguvugu ambayo kina chake kinafika kidevuni mwa kobe akiwa amesimama, yaani aweze kuinua kichwa na kuvuta pumzi bila kuogelea. Kobe wa maji dhaifu huzama na kufa kama kiumbe mwingine yeyote anayepumua kwa mapafu. Usimtoe kwenye nyuzi 20 ukamtumbukiza katika maji ya moto. Weka maji yanayolingana na hali aliyotoka nayo, kisha hita iyapandishe taratibu katika muda wa siku nzima hadi yafike nyuzi 27 au 28. Mahali pa kuota joto pafike kati ya nyuzi 30 na 35. Pima kwa kipimajoto, kwa sababu mkono wa binadamu una joto la nyuzi zaidi ya 30 na utayaona maji ya nyuzi 27 kuwa ya baridi hali ndiyo yanayotakiwa.

Wakati joto likifanya kazi yake, mchunguze kwa utulivu. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni uliyoitenga kwa kazi hiyo, uandike gramu na tarehe. Wangu alikuwa na gramu 290 kwa gamba la urefu wa sentimita 13, naye alipopandishwa mikononi alihisika mwepesi kama kifuu. Mtazame anavyopumua. Ikiwa anaacha mdomo wazi, anatoa mapovu puani, anavuta pumzi kwa mlio au anaelea akiwa ameinama upande mmoja, huenda mapafu yake yana maambukizi, na hilo halitibiwi nyumbani. Linahitaji antibayotiki iliyopimwa kwa uzito wake. Vivyo hivyo ukiona mfupa umejitokeza kwenye gamba, damu, ngozi nyekundu ya tumboni, au miguu ya nyuma isiyosogea, usisubiri hata siku moja.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa wanyama, piga simu uulize kama amewahi kutibu kobe, kwani madaktari wengi hodari wamezoea mbuzi, ngamia na paka. Naongeza onyo ambalo ningependa kila nyumba yenye mifugo ilisikie: ivermektini, dawa ya minyoo na kupe inayokaa katika kabati la karibu kila mfugaji wa mbuzi, ni sumu kwa kobe. Humpoozesha na kumuua. Usimpe hata tone, na mtu yeyote akikuambia umchome dawa hiyo, mkatalie.

Macho yaliyovimba mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini A, ambao ndio matokeo ya kulishwa kamba wakavu peke yao au nyama tupu, ingawa maji machafu nayo huyachoma macho na kuyaambukiza. Kobe asiyeona hawezi kula, na asipokula upungufu unazidi. Hapa kishawishi cha kununua vitamini ya matone na kumjaza nayo ni kikubwa, lakini vitamini A ikizidi hubabua ngozi yake hadi ikatoka vipande vipande, kwa hiyo kipimo, hasa cha sindano, kiachwe mikononi mwa daktari. Kazi yako wewe ni kuyapangusa macho kwa pamba safi iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu, mara mbili kwa siku, bila kuzilazimisha kope zifunguke. Dawa za macho za binadamu ziache, hususan zile zenye steroidi.

Gamba linahitaji jicho la makini zaidi, kwa sababu hapo watu huchanganya mambo matatu yasiyofanana. Ukijani mwembamba unaoteleza ni mwani tu, nao hutoka kwa mswaki laini. Vigamba vyembamba vinavyong'aa kama karatasi ya nailoni na kuachia vyenyewe ni ukuaji wa kawaida, na haifai kuvibandua kwa kucha, kwani chini yake pana mfupa hai wenye mishipa ya fahamu. Kinachotisha ni mashimo madogo, madoa meupe au mekundu, sehemu laini iliyobonyea, na juu ya yote harufu. Harufu ya gamba linalooza ukishaikuta mara moja hutaisahau. Inafanana na ya samaki aliyeachwa juani.

Kuoza kwa juujuu kunaweza kutibiwa nyumbani. Sugua sehemu hiyo polepole kwa mswaki laini wa meno, suuza, kisha paka povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu vya kidonda, iliyochanganywa na maji hadi ibaki na rangi ya chai nyepesi, uiache dakika kumi na usuuze. Baada ya hapo kobe akae mahali pakavu penye joto kwa saa chache kabla ya kurudishwa majini, ili dawa isioshwe papo hapo na vijidudu vinyimwe unyevu. Rudia kila siku. Ikiwa baada ya wiki shimo halijakauka, au ncha ya pamba inadidimia ndani yake, hilo ni la daktari. Usipake mafuta ya nazi wala mafuta mengine ili gamba ling'ae, maana mafuta hunasa uchafu na huwafunikia vijidudu chini yake.

Ulaini wa gamba zima, kama ule nilioukuta kwa kobe wangu, ni ugonjwa wa mifupa. Miale ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo inayoiwezesha ngozi ya kobe kutengeneza vitamini D3, na vitamini hiyo ikikosekana kalsiamu haifyonzwi vizuri tumboni, hivyo mwili huichota kutoka kwenye mifupa na gamba ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Kobe aliyewekwa karibu na dirisha lenye jua hapati chochote katika miale hiyo, kwa kuwa kioo huizuia. Inahitajika taa maalumu ya UVB, iwashwe saa 10 hadi 12 kwa siku bila kioo wala plastiki katikati, na ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwani mwanga wake huendelea kuonekana hata baada ya miale yenyewe kwisha nguvu. Jua la moja kwa moja ni bora kuliko taa yoyote. Mimi nilikuwa nikimtoa uani asubuhi na mapema kwa dakika 20, katika beseni ambalo nusu yake imefunikwa kivuli, nami nikikaa kando yake kwa sababu ya kunguru na paka. Kumwacha nje mchana wa Juni hapa Oman ni kumpika, na joto hilo humuua kwa muda mfupi sana.

Anapoanza kutembea, kunyoosha shingo na kujipandisha mwenyewe chini ya taa, ndipo wakati wa kumjaribu kwa chakula umefika. Mpe ndani ya maji, kwa sababu kobe wa maji hawezi kumeza vizuri akiwa pakavu. Kipande kidogo cha samaki mbichi au nyungunyungu humwamsha kwa harufu, lakini mara anapokumbuka kula, mhamishie kwenye chakula cha punje kilichotengenezwa kwa ajili ya kobe, pamoja na jirjiri (mboga ya majani yenye ukali kidogo), sukuma wiki, boga na karoti iliyokunwa. Mchicha na spinachi visiwe vya kila siku, maana oksaleti iliyomo huikamata kalsiamu. Kiasi cha punje kisizidi ukubwa wa kichwa chake kwa mlo mmoja. Kadiri anavyokomaa majani yachukue zaidi ya nusu ya chakula. Kwa kalsiamu, mfupa mweupe wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni unafaa sana. Uloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa siku kadhaa, uukaushe, kisha uuache uelee majini aume atakapo.

Maji ya tangi la kudumu yawe lita 15 hivi kwa kila sentimita ya gamba, na chujio liwe lile linalopendekezwa kwa tangi kubwa mara mbili au tatu kuliko lake, kwani kobe huchafua maji kuliko samaki. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni. Kobe mwenye afya kamili anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaosababisha kuhara na homa, na ni kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe ambao gamba lao halijafikia urefu wa takriban sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua.

Uzito upimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla ya kula. Wangu alikaa wiki mbili bila kuongeza hata gramu moja, nami nikalala nikiwa na wasiwasi usiku mwingi. Jicho la kushoto lilifunguka siku ya 19. Siku ya 24 alirukia nyungunyungu kwa nguvu hata maji yakanirukia usoni, na nakiri nililia. Gamba halikuwa gumu hadi mwezi wa tano, na umbo lake lililopinda kwenye kingo halitanyooka kamwe, kwa sababu mfupa uliokwisha kukomaa vibaya haurudi nyuma.

Jike wa aina hii hufikia sentimita 25 au zaidi na anaweza kuishi miaka 30 na ushei. Akikomaa anaweza kutaga mayai hata bila dume, kwa hiyo atahitaji sanduku la mchanga wenye unyevu, la sivyo mayai yanaweza kukwama tumboni. Asiyeweza kuendelea naye amtafutie mfugaji mwingine mwenye nafasi. Asimwachie katika wadi (bonde la mto wa msimu), bwawa wala mto, kwani kobe huyu amo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Ulaya ilizuia kumwingiza tangu mwaka 1997 baada ya wengi kutupwa katika mabwawa yake. Kabla ya kumkabidhi mtu, mpe daftari la uzito, taa yake ya UVB na tarehe iliyonunuliwa, na umwonyeshe mwenyewe jinsi ya kusoma kipimajoto.