Ndege Mdogo wa Manjano: Anza na Mdomo, Rangi Iache Mwisho

Ndege ninaoletewa picha zao huja na maelezo yaleyale: mdogo, manjano, anaimba. Huku Afrika Mashariki maelezo hayo yanawafaa ndege wengi mno.

Hatua ya 1: Mdomo

Mfupi na mnene, wa kuvunja mbegu: chiriku. Mwembamba, na jicho limezungushiwa duara jeupe: kinengenenge, kazi imekwisha. Mrefu kiasi, mnene shinani na wenye ncha kali: mnana, ruka hadi hatua ya 3. Kama mdomo ni mwembamba na ndege anatembea chini akitikisa mkia miguuni pa ng'ombe, huyo ni mgeni wa kutoka Ulaya na Asia. Mtafute kati ya Oktoba na Aprili.

Hatua ya 2: Chiriku

Anayeonekana sana ana paji la manjano na mstari mweusi ulioshuka kama sharubu. Mtafute penye nyasi zilizozaa mbegu na miti michache. Basi.

Hatua ya 3: Mnana

Hapa ndipo watu hukesha. Dume wa msimu wa kuzaliana ana sura nyeusi au kichwa chenye rangi kali, hakusumbui. Shida ni majike, na madume waliovua mavazi hayo: wote manjano iliyofifia, mgongoni michirizi.

Tazama mboni ya jicho. *Ploceus* ni jina la kisayansi la mnana, na neno la pili hutaja aina yake: *Ploceus cucullatus* aliyekomaa ana jicho jekundu, *Ploceus intermedius* ana jicho jeupe-jeupe. Lakini makinda wana macho ya kahawia, kwa hiyo kahawia peke yake haithibitishi kitu. Tena jua la mchana huiua rangi ya jicho pichani. Piga picha asubuhi, ubavuni.

Ukishindwa, achana na jicho, mfuate ndege hadi kiotani. *Ploceus ocularis* ana mstari mweusi uliopita jichoni, huenda wawiliwawili kwenye vichaka vizito wakitafuta wadudu, na kiota chao kina bomba refu la kuingilia linaloning'inia. *Cucullatus* hujenga kwa makundi yenye kelele, mara nyingi kwenye mti ulio karibu na makazi ya watu. Hakuna kiota? Subiri mvua, madume wavae tena, kisha urudi mti uleule.

Hatua ya 4: Vifaa

Darubini ya 8x (inayokuza mara nane), si 10x. Ndege hawa hawatulii, na 10x hutikisika mkononi na kuonyesha eneo dogo. Merlin ni programu nzuri ya simu ya kutambua ndege, ila ifungue baada ya kuandika jibu lako mwenyewe, la sivyo utaona kile ilichokuambia. Kumchezea ndege sauti iliyorekodiwa ili asogee sikubaliani nako kabisa, hasa akiwa na kiota: anaacha kazi yake kuja kupigana na simu.

Hatua ya 5: Kumbukumbu

Andika mahali, tarehe, alikuwa anakula nini na alikuwa urefu gani mtini. Kama ni mnana na hukuona jicho wala kiota, andika *Ploceus sp.*, yaani mnana ambaye aina yake haijulikani, usibahatishe jina la pili.