Kabla hujamtafutia jina

Mtoto akizaliwa na maumbile ambayo hayaeleweki ni ya kike au ya kiume, ndugu watataka jina siku hiyohiyo. Wangoje. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, wanakupa siku 90 za kumsajili, kwa hiyo usimbane mkunga aandike ME au KE ili watu waridhike. Majirani wasimfunue. Upasuaji wa kurekebisha maumbile hauna haraka, labda mkojo uwe umeziba. Ultrasaundi itaonyesha kama kuna kizazi, na kuna vipimo vya homoni na kromosomu. Majibu yake yanaweza kuchelewa.

Lakini kitu cha kwanza, dai apimwe sukari na chumvi za damu, sodiamu na potasiamu. Hilo usikubali lisubiri.

Wangu nilimzaa Ujiji, kilo 3.2. Wiki nzima nyumba ilibishana jina, mama mkwe akitaka la marehemu babu. Siku ya nane akaanza kutapika. Kituoni wakaniuliza, anakojoa? Nikajibu anakojoa sana, na kweli, kanga zilikuwa hazikauki kambani. Wakasema basi maji anayo, ni tumbo tu. Nikarudi naye. Siku ya 12 midomo imekauka, utosi umebonyea, na kanga niliyomfunga bado inalowa. Mizani ilisoma 2.4. Daktari kijana akaona weusi wa chuchu na wa sehemu za siri, akatuma damu maabara kabla hata hajauliza ni wa kike au wa kiume. Sodiamu chini, potasiamu juu. Usiku ule alipata dripu na sindano ya haidrokotisoni, dawa ya kufidia homoni aliyokosa.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita CAH (congenital adrenal hyperplasia). Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa hazitengenezi homoni za kushika chumvi mwilini. Chumvi ilikuwa ikitoka na mkojo uleule tulioufurahia. Tezi hizohizo zilikuwa zikimwaga homoni za kiume tangu tumboni, ndiyo maana alizaliwa vile. Ni binti, kizazi anacho.

Kaka yake, kifungua mimba wangu, alitapika hivyohivyo tukamzika ana siku 15. Hakuna aliyeshuku, kwa sababu mvulana mwenye ugonjwa huu maumbile yake huonekana ya kawaida. Hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo wasikutupie lawama peke yako. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa nao; ukishika nyingine, sema kliniki mapema.

Dawa ni za kila siku, maisha yote. Akipata homa, haidrokotisoni huongezwa mara mbili au tatu, kama daktari alivyokuandikia. Akiitapika, kimbia hospitali akapigwe sindano. Fludrokotisoni, ile dawa ya kushika chumvi, usingoje iishe ndipo uanze kuitafuta. Ukipanda treni, dawa zikae mkononi, na za siku za ziada, maana njiani kuna kukwama. Jina la ugonjwa liandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa herufi kubwa. Bibi au dada atakayebaki naye aijue dozi kwa kichwa. Akitokea mtu wa kukwambia umpumzishe dawa wiki moja ajaribu mizizi, mkatalie, hata akiwa mkubwa wako.